Hema, Watoto na Mbabula

Likizo kubwa i karibu. Mwanzoni mwa mwezi wa saba shule zitafungwa, watoto watarudi nyumbani na karatasi za alama zao, nasi tutawaona wakizunguka uani mchana kutwa, tukijiuliza tuwafanyie nini. Baba mmoja wa parokia yetu, mfanyakazi wa mgodini, alinijia Dominika iliyopita baada ya Misa. Amenunua hema sokoni, hema la nailoni la watu wanne, naye ataka kumpeleka mkewe na watoto watatu walale porini siku mbili. Mtoto wa mwisho hajatimiza miaka miwili. Akaniambia: «Mwalimu, wewe ulikwisha kufanya jambo hili. Nifundishe.» Nalimwahidi kwamba nitamjibu katika ukurasa huu. Jibu langu lina aibu ndani yake, na aibu ya mtu mmoja ikisomwa na wengi yaweza kuwafaa wengi.

Ilikuwa mwaka 2023, mwezi wa saba. Nalikuwa nimeazima hema kwa rafiki yangu, nikalitandaza uani hapa Lubumbashi ili nione kama lina matundu. Watoto walikwisha kuingia ndani na kutoka mara ishirini. Mama yangu mzazi, anayekaa nasi, alikuja hadi mlangoni, akasimama pale, asitoke.

— Mwanangu, nani amekufukuza?

— Hakuna, Mama. Twakwenda kupumzika na watoto.

— Watu hawapumziki hemani. Hemani watu hungoja.

Wasomaji waliotoka upande wa Pweto watamwelewa bila maelezo. Mwezi wa Desemba mwaka 2000 vita viliufikia mji ule, na maelfu ya watu wakavuka kuingia Zambia. Sisi tulikuwa miongoni mwao. Mimi nalikuwa na umri wa miaka kumi. Tulipelekwa katika kambi ya Kala, wilaya ya Kawambwa, tukalala chini ya turubai la plastiki, mvua ikipiga juu ya vichwa vyetu usiku kucha. Mimi, kwa akili ya kitoto, nakumbuka zaidi mpira wa matambara tuliocheza huko. Mama anakumbuka mambo mengine, wala hayasemi yote.

Basi nikajaribu kumweleza. Nikamwambia kwamba kuna nchi ambamo watu hulala hemani kwa kupenda kwao. Huko Uingereza waendesha baiskeli waliunda chama chao cha kupiga kambi tangu mwaka 1901. Huko Ufaransa, mwaka 1936, sheria iliwapa wafanyakazi majuma mawili ya likizo yenye mshahara. Na wengi wasiokuwa na fedha za hoteli walichukua hema, sufuria na watoto wao, wakaenda kuiona bahari kwa mara ya kwanza maishani. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

— Na hao Wafaransa, walikuwa na nyumba za kurudia?

— Ndiyo, Mama.

— Basi huo ni mchezo.

— Ndiyo, ni mchezo.

— Haya. Nitakuja kuwatazama mnavyocheza.

Nimekwisha kusoma vitabu kadhaa juu ya malezi, lakini sijapata kuona tofauti kati ya kukimbia na kutembea ikielezwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Tulikwenda katika shamba la rafiki, kando ya barabara ya Likasi, penye miti ya miombo na kijito chembamba. Watoto walikuwa watatu: Marta miaka minane, Yosefu mitano, Petro miaka miwili na nusu. Mama alikubali kuja, lakini hemani alikataa kabisa; akapewa nafasi katika nyumba ndogo ya mlinzi wa shamba, hatua thelathini hivi kutoka mahali petu.

Mambo kadhaa naliyafanya sawasawa, nami nayasema upesi. Nalifyeka na kusafisha uwanja mpana kuzunguka hema, kwa sababu wakati wa kiangazi moto wa nyasi husafiri kuliko mtu anavyodhani. Maji ya kunywa tuliyachemsha. Watoto naliwakataza wasiogelee katika kidimbwi kilichotuama pale chini, kwa maana konokono wa maji kama yale huweza kubeba kichocho, wala mdudu wake haonekani kwa macho anapopenya ngozi. Zipu ya mlango ilifungwa tangu jua lilipotua, ili mbu na nyoka wabaki kwao. Na viatu vilikung'utwa kila asubuhi kabla ya kuvaliwa.

Jambo nisilolifahamu ni baridi. Ndugu zetu wa kando ya ziwa wasicheke. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi yaweza kushuka chini ya digrii 10. Ndani ya nyumba ya matofali mtu halijui hilo sana. Hemani analijua kwa mifupa yake. Mimi nalichukua mablanketi mengi ya kujifunika, nikatandika mkeka mmoja tu chini. Jioni Mama alikuja na kunitazama.

— Baba Marta, kata majani makavu uweke chini yao. Mengi, yafike gotini.

— Mama, hema hili lina sakafu yake ya plastiki.

Alinyamaza. Mwana aliyesoma ana jibu kwa kila kitu.

Kumbe baridi haitoki juu, hutoka ardhini. Mwili wa mtoto ukilala juu ya udongo baridi, udongo hunywa joto lake usiku kucha, hata kama juu yake kuna mablanketi matatu. Saa nane usiku Petro aliamka akilia, mikono yake imekuwa kama samaki. Yosefu naye alitetemeka. Mke wangu akasema turudi garini. Mimi nikasema, ngoja. Nje, mbabula tuliyopikia ilikuwa bado na makaa mekundu, hayana moshi wala mwali. Nikaiinua kwa kitambaa, nikaiingiza hemani, nikaiweka karibu na mlango, mbali na mablanketi, nikafunga zipu. Nalijiona baba mwenye busara. Joto lilikuja mara moja. Watoto wakalala.

Wazazi wapenzi, someni hapa polepole.

Moshi tunauogopa kwa sababu unatuwasha macho. Lakini makaa yanayowaka polepole hutoa hewa nyingine, isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha wala kukohoza. Waganga huiita monoksidi ya kaboni. Damu yetu imepewa kazi ya kubeba oksijeni kutoka mapafuni hadi katika viungo vyote. Hewa hii mbaya huikamata damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikakaa mahali pake, isiondoke upesi. Mtu anazidi kuvuta pumzi, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakufa njaa ya hewa. Kichwa kinauma, mtu anaona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi unakuja mtamu. Aliyekwisha lala haamki akajiokoa. Watoto wadogo hupumua haraka kuliko sisi, kwa hiyo hudhurika mbele yetu. Na hema, hasa la nailoni lenye umande juu yake, halipitishi hewa kama mtu anavyofikiri. Kufungua dirisha dogo hakutoshi.

Mimi nalisikia kichwa kikiuma, nikawaza: malaria hii. Mke wangu alisema anataka kutapika, nikawaza: ni samaki wa jioni. Angalieni jinsi hatari hii inavyojificha nyuma ya magonjwa tuliyoyazoea! Nalitaka kuinuka nimtafutie maji, nikaona ni afadhali nipumzike kwanza kidogo.

Mama hakuwa amelala. Ameniambia baadaye kwamba tangu Kala hajalala vizuri mahali penye hema. Alitoka nje ya nyumba ya mlinzi, akaona ukuta wa hema unang'aa wekundu kwa ndani. Hakujua habari za oksijeni. Alijua neno moja tu alilolishika kambini: moto haulali pamoja na watu. Alifungua zipu yote kwa mkono mmoja, akaivuta mbabula nje kwa upindo wa kitenge chake, kisha akawatoa watoto mmoja mmoja, kama mtu anayetoa mizigo mtumbwini. Marta alitoka akijikwaa. Yosefu alitapika. Petro hakuamka mara ya kwanza alipoitwa, wala mara ya pili. Mama alimshika wima katika upepo ule wa baridi, akimpigapiga mgongoni na kumwita kwa jina la baba yangu marehemu, ambalo ni jina lake la nyumbani. Alipolia, mimi nalikuwa nimepiga magoti mchangani, wala sikuweza kusimama.

Tuliwapakia wote garini papo hapo, mlinzi akaendesha, kwa maana mimi sikustahili usukani. Katika kituo cha afya mwuguzi aliwapa watoto oksijeni, akatukalisha mpaka mchana. Alinieleza niliyowaandikia hapa. Hakunikemea. Ingalikuwa nafuu kama angalinikemea.

Sasa namjibu yule baba wa mgodini. Nenda, ndugu yangu, nenda na mtoto mdogo pia. Lakini wakati wa kiangazi tu, na kwanza mlale usiku mmoja katika ua wa nyumba yenu, ili ukiona umekosea uwe na mlango wa kurudia. Chini weka vitu vingi kuliko juu: majani makavu, magunia, godoro. Wavike watoto soksi na kofia, uwalaze katikati yenu. Asubuhi utaona matone ya maji ndani ya hema, usidhani limevuja. Ni pumzi zenu. Acha matundu ya juu wazi, hata kama baridi inaingia. Na mbabula, mshumaa, taa ya mafuta, jiko la gesi, vyote vibaki nje, hata kama mtoto analia. Analia, maana yake anapumua.

Mtauliza kama tuliutumia usiku wa pili. Mwuguzi alitaka watoto wakae karibu na kituo, tukarudi mjini. Lakini mwaka uliofuata Marta mwenyewe aliomba twende tena, nami nikamtazama Mama. Alichukua panga bila kusema neno. Tulipofika shambani alikata majani mpaka jua likakaribia kutua, akayapanga chini yeye mwenyewe, yakafika gotini. Kisha, wakati wa kulala ulipofika, akavua viatu, akainama, akaingia hemani kabla ya watu wote, akajilaza mlangoni.

Petro akamwuliza: «Kambo, nyumba ya mlinzi je?»

— Kule ni mbali, akajibu. Sogea.