Bonasi Ikilipwa, Wapeleke Watoto Ngomeni

Bonasi ya majani chai ikishalipwa, karo ikatengwa na deni la dukani likamalizwa, huenda zikabaki senti kidogo. Aghalabu senti hizo hupotea bila mtu kujua zilikokwenda. Juma hili naomba uzitengee safari moja ya Desemba, wewe, mkeo au mumeo, na watoto. Wapelekeni wakaone ngome.

Ukikaa Kericho ama Bomet huenda ukadhani ngome ni mambo ya watu wa pwani au ya Wazungu katika vitabu vya picha. Hata Fort Ternan, mji wetu wenye jina la ngome, hauna kuta za kutazamwa. Ulipewa jina la Trevor Ternan, afisa wa jeshi la Waingereza, katika siku zile reli ilipokuwa ikielekea Kisumu, ilikofika mwaka wa 1901. Umaarufu wake ulitokana na mifupa aliyoichimbua hapo Louis Leakey mwaka wa 1961, mabaki ya viumbe walioishi miaka ipatayo milioni 14 iliyopita. Lakini ngome zipo, na nyingine haziko mbali. Mimi hupenda tatu kuliko zote.

Ya kwanza ni Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori. Ukitoka Bomet au Kericho unapitia Sotik na Kisii, kisha unashika njia ya Migori. Nenda mapema, maana iko mbali na mji, kiasi cha kilomita 46. Hapo utaona kuta za mawe matupu, nyingine zikipita kimo cha watu wawili, na hakuna tone la saruji wala udongo wa kuyashikanisha. Jiwe limekalia jiwe, na inaaminika zimesimama tangu karne ya 16. Milango yake ni mifupi na myembamba, hivyo aliyeingia aliinama, na mtu anayeinama hawezi kuja na rungu juu. Ndani walilala watu na ng'ombe wao. Mwaka wa 2018 shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya turathi za dunia. Waambie watoto wako kwamba waliojenga hapa ni Waafrika, tena bila mhandisi kutoka ng'ambo.

Ya pili ni kasri la Lord Egerton huko Njoro. Kutoka Kericho pitia Londiani na Molo. Unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Maurice Egerton, bwanyenye wa Kiingereza, alianza kulijenga mwaka wa 1938 na likakamilika mwaka wa 1954. Ni jumba la vyumba zaidi ya 50 na ukumbi wa dansi, na aliyekaa humo alikuwa kapera! Masimulizi yanasema alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa, na kwamba baadaye hakutaka kumwona mwanamke katika ardhi yake. Alifariki mwaka wa 1958, miaka minne tu baada ya ujenzi kwisha. Mgala muue na haki umpe: ni yeye pia aliyeanzisha mwaka wa 1939 shule ya kilimo ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton.

Ya tatu inataka mfuko mzito zaidi. Ni Fort Jesus, Mombasa. Siku hizi unafika Nairobi kwa basi, kisha unapanda garimoshi. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka angani ina umbo la mtu aliyelala chali. Mwaka wa 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno wenyewe walimsomesha Goa na kumbatiza, aliwageuka na kuiteka. Wareno wakarudi mwaka uliofuata. Mwaka wa 1696 Waarabu wa Omani waliizingira kwa muda wa karibu miezi 33, na walipoingia mwishowe walikuta waliosalia hai ni wachache mno, kwa njaa na magonjwa. Waingereza nao waliifanya jela kuanzia mwaka wa 1895. Kuta zilizojengwa kumzuia adui asiingie zikawa za kumzuia mwenyeji asitoke.

Hapo ndipo ninapotaka tutafakari pamoja, msomaji. Ukifika kwenye ngome yoyote, usitosheke na kupiga picha. Waulize watoto: ni nani aliyejenga, na ni nani aliyeachwa nje?

Chukua kasri la Njoro. Mwaka wa 1934, miaka minne kabla ya ujenzi wake kuanza, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, walioonekana kuwa viongozi wa upinzani miongoni mwa Wakipsigis. Mamia yao, wazee, akina mama na watoto wachanga, walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, nchi ya joto, mbu na mbung'o. Wengi walikaa huko hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Basi miaka ile mtu mmoja alipokuwa akijijengea vyumba 50, familia nzima nzima za kwetu hazikuwa na ruhusa ya kulala katika ardhi yao. Mtoto anayelitazama kasri hilo bila kuelezwa hayo ameona nusu tu.

Na nusu iliyobaki haina mlinzi wala tiketi. Imo vifuani mwa wazee, na waliozaliwa Gwassi sasa wana umri mkubwa. Mawe ya Thimlich yamesubiri karne kadhaa na yataweza kusubiri bonasi ya mwaka ujao. Mzee hawezi kusubiri hivyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya safari, wapeleke watoto kwa babu au nyanya wa jirani aliyeyaona mambo hayo, nao wachukue daftari na kuandika. Kisha chagueni ngome moja kulingana na mfuko wenu. Wenye watoto wadogo waanze na Njoro. Bebeni kitambulisho, kwa kuwa raia hulipa kiingilio nafuu kuliko mgeni, na chakula chenu cha mchana.

Mwacha mila ni mtumwa, lakini mila haiachwi kwa siku moja. Huachwa pale mtoto anapouliza na mzazi akakosa jibu.