Ukili mmoja, mizunguko miwili

Leo sizungumzii bando la intaneti. Nazungumzia bando la mistari, lile la jiometria ya aljebra, na naona sisi waandika programu tunakosea kulikwepa.

Chukua kipande cha ukili, huo unaoshonewa mikeka. Pindua ncha moja, kisha uishone na ya pili. Huo ni utepe wa Möbius. Yeye na Listing waliugundua kila mmoja kivyake mwaka 1858. Katikati yake pana duara, na juu ya kila nukta ya duara pana mstari, yaani upana wa ukili. Ndilo bando lenyewe. Sasa chora mshale kutoka ukingo hadi ukingo, na wa pili kando yake ukielekea kulekule. Endelea. Kila mshale unapatana na jirani yake, mpaka ufike ulikoanzia: umegeuka! Kohomolojia hupima kutopatana huko. Hapa jibu si sifuri, basi hakuna ujanja wa kuchora utakaofaulu.

Ukizungusha duara nyuzi 360, linarudi lilivyokuwa, lakini mistari imepinduka. Mpaka nyuzi 720. Bando linalofuata mizunguko ya chini yake bila ugomvi huitwa ekwivarianti. Hili letu linakataa mpaka kundi la mizunguko lifanywe maradufu. Vilevile O(1) juu ya mstari wa projektivu hukataa PGL2 na kukubali SL2, ilhali O(2) hukubali zote. Mumford alilifanya jambo hili chombo cha kazi katika kitabu chake Geometric Invariant Theory, 1965.

Ya nini hapa Ukunda? Niliwahi kuandika programu ya kuzungusha ngalawa ya pande tatu kwenye simu, kwa kwaternioni. Humo q na -q ni mzunguko uleule. Ngalawa ikawa mara nyingine inapita njia ndefu, inazunguka kama pia. Siku nne nikarundika masharti, nikitafuta kanuni ya kuchagua alama kwa mizunguko yote bila kuruka ghafla. Haipo. Kizuizi ni kilekile cha ukili. Dawa ni kulinganisha kila kwaternioni na iliyotangulia, zao la nukta likiwa hasi ugeuze alama. Mstari mmoja tu.

Mwenzangu anasema mstari huo unaweza kuunakili bila kujua kohomolojia. Kweli. Ila nani angeniambia niache kutafuta siku ya kwanza?