Kabla Uulize Kiwanda Kitakuja Lini, Lipa Deni la Kibanda

Kila msimu wa siasa hapa Kabuchai tunaahidiwa kiwanda, na sisi tunapiga makofi. Lakini watu wangu, tuongee ukweli. Uchumi wa huku kwetu hauko kwa ahadi. Uko Chwele siku ya soko: mama wa nyanya, fundi wa viatu, kinyozi, mtu wa boda anayebeba gunia la vitunguu.

Sikatai kiwanda. Pan Paper ilipofungwa 2009, hawakuumia wafanyakazi peke yao. Mji wa Webuye wote uliisikia, hadi mwenye hoteli ndogo aliyekuwa akiwauzia chapati. Hiyo tuliiona kwa sababu lango lilifungwa mchana peupe. Kibanda kikifungwa, nani anaandika habari?

Na vinafungwa, si mchezo. Utafiti wa KNBS wa 2016 ulihesabu biashara ndogo na za kati milioni 7.4 Kenya nzima, zikiwa zimeajiri watu karibu milioni 14.9. Utafiti huohuo ulisema biashara milioni 2.2 hivi zilikuwa zimefungwa ndani ya miaka mitano. Sababu kubwa? Kukosa pesa za kuzungusha.

Sasa hiyo pesa iko wapi? Nyingine iko kwa daftari la madeni. Iko na mimi na wewe.

Mama mboga akienda Hustler Fund, anatozwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na mkopo wake wa kwanza anatakiwa aulipe ndani ya siku 14. Sisi tunachukua sukuma na mafuta ya kupima, tunamwambia "andika," kisha tunapitia njia ya nyuma miezi mitatu. Bila riba! Halafu huyohuyo akienda supamaketi Bungoma mjini, analipa bei iliyobandikwa, haombi hata shilingi moja ipunguzwe.

Utasema maisha ni magumu. Ni kweli, na mama mwenyewe anajua nani hana kabisa. Huyo anampa, mara nyingine anasahau kimakusudi. Huo ni utu wetu, usiguswe. Mimi naongea na yule mwenye bando za wiki nzima na mkeka wa beti kila Jumamosi.

Nilipoacha chuo, hakuna kampuni iliyonitafuta. Walionipa kazi ya kwanza ni watu wa saluni na duka za simu, wakitaka video za matangazo. Mia tano hapa, mia tatu pale. Hiyo pesa ilitoka kwa wateja waliolipa. Wasipolipa, saluni haina tangazo, mimi sina kazi, na mama mboga hanioni.

Kwa hivyo kabla uulize mheshimiwa kiwanda kitakuja lini, tuma pesa ya watu leo. Na ukituma, usitoe ya kutolea.