Kwa nini bei ya nyasi kavu hupanda wakati bei ya mbuzi inaporomoka?

Fika kwenye soko lolote la mifugo katika maeneo kame ya Kenya mwezi wa tatu wa kiangazi, utaona mambo mawili kwa wakati mmoja. Upande huu lori limesimama, limepakia marobota ya nyasi kavu, au beli kama wengi wanavyoyaita. Upande ule mbuzi wameletwa wengi kuliko kawaida, mbavu zinaonekana. Mwenye nyasi anataja bei mpya na mnunuzi wa mbuzi naye anataja bei mpya. Ya kwanza imepanda, ya pili imeshuka, na mfugaji yuko katikati.

Wengi hulalamika kwamba nyasi ni ghali, na ni kweli. Lakini bei kwa shilingi haionyeshi hasara yote. Swali kubwa zaidi kwa mfugaji ni hili: mbuzi mmoja ananunua marobota mangapi leo, na atanunua mangapi miezi miwili ijayo?

Ukame wa 2020 hadi 2023

Kuanzia mwishoni mwa 2020, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa Kenya. Kufikia mapema 2023, zaidi ya mifugo milioni mbili walikuwa wamekufa nchini. Njaa ndiyo iliyowamaliza wengi wao, na magonjwa yakawamalizia waliokuwa wamedhoofika.

Katika miaka hiyo kila mtu alitafuta nyasi wakati mmoja. Aliyekuwa na ng'ombe Kajiado alizitaka, wa Isiolo alizitaka, na mashirika ya misaada nayo yalizitaka. Wakati huohuo wakulima wa nyasi wenyewe walivuna kidogo, kwa kuwa mvua iliyokosekana malishoni ilikosekana pia katika mashamba mengi. Wanunuzi wakawa wengi na mzigo ukawa mdogo.

Mzigo mwepesi, safari ghali

Nyasi nyingi zinazouzwa, hasa aina ya boma rhodes, hutoka kwenye mashamba ya Nakuru, Nyandarua, Laikipia na sehemu za Kajiado. Kutoka huko hadi Marsabit au Garissa ni mamia ya kilomita.

Robota moja huwa na kilo 12 hadi 15 hivi, lakini hula nafasi kubwa. Lori hujaa kabla halijawa zito. Mwenye lori analipwa kwa safari nzima, kwa hiyo kila kilo ya nyasi hubeba gharama kubwa ya usafiri kuliko kilo ya mahindi au ya unga. Dizeli ikipanda, nyasi hupanda. Mnamo Septemba 2022 mbolea ilikuwa ghali duniani kote, na nchini Kenya ruzuku ya mafuta ilianza kuondolewa. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2023, lita ya dizeli jijini Nairobi ilivuka shilingi 200.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana. Mfugaji wa mbuzi hushindana sokoni na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe anayekamuliwa hurudisha pesa ya nyasi jioni hiyohiyo. Mbuzi wa nyama hurudisha siku anapouzwa tu. Ndiyo maana mwenye maziwa anaweza kukubali bei ambayo mwenye mbuzi hawezi.

Hesabu ya mbuzi kwa mbuzi

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kuonyesha hesabu tu. Weka za soko lako.

Mbuzi mzima wa kilo 30 hula karibu kilo moja ya nyasi kavu kwa siku kama hana kingine cha kula. Kwa siku 90 atahitaji kilo 90, yaani marobota sita ya kilo 15.

Mwanzoni mwa kiangazi robota ni shilingi 200 na mbuzi anauzwa 6,000. Kumlisha mbuzi mmoja siku 90 ni shilingi 1,200. Kwa hiyo mbuzi mmoja ukimuuza, bei yake inalisha wenzake watano kwa miezi mitatu.

Ukingoja hadi kiangazi kikolee, robota ni 400 na mbuzi aliyekonda anauzwa 3,000. Sasa kumlisha mmoja ni 2,400. Mbuzi uliyemuuza analisha mwenzake mmoja, na chenji inayobaki haifiki hata kulisha wa pili.

Kwa mwenye mbuzi kumi, tofauti ni hii: akiamua mapema, anauza wawili na kubaki na wanane walioshiba. Akichelewa, inabidi auze watano ili alishe watano, tena kama mnunuzi atapatikana. Mbuzi watatu wamepotea bila kuugua wala kuibiwa. Wamepotea kwa kusubiri.

Kusubiri huko si ujinga. Mfugaji husubiri kwa sababu mvua huenda ikanyesha wiki ijayo, na kwa sababu kundi ni akiba, ni mahari, ni karo ya shule. Lakini kuwauza wachache mapema ndiko kunakookoa walio wengi. Wa kuanza nao ni madume ya ziada na majike wazee wasiozaa tena. Majike wachanga wenye mimba wabaki, kwa kuwa hao ndio watakaojaza zizi tena.

Punda na farasi je?

Farasi ni wachache Kenya, na wengi wao wako kwenye mashamba makubwa na vilabu vya mbio na michezo. Farasi wa kilo 450 hula karibu kilo tisa za nyasi kwa siku, hivyo robota moja halimtoshi siku mbili. Kwa watu wengi vijijini anayefanya kazi hiyo ni punda. Punda wa kilo 150 anahitaji kilo mbili na nusu hivi kwa siku, na robota la kilo 15 humfikisha siku sita.

Hesabu ya punda ni tofauti na ya mbuzi. Umpime kwa kazi yake. Wakati wa ukame ndipo visima huwa mbali na punda hubeba maji mara nyingi zaidi, huku malisho yakiwa yamekwisha. Akianguka, mama wa nyumba ndiye atakayebeba mtungi mgongoni. Kwa familia nyingi, robota la kwanza linapaswa kwenda kwa punda.

Angalizo moja: punda na farasi hudhurika haraka na nyasi zenye ukungu na vumbi. Huleta kikohozi na maumivu makali ya tumbo. Nyasi zenye harufu ya uvundo si rahisi hata zikiuzwa nusu bei.

Nunua kilo, si robota

Wauzaji wengi hutaja bei ya robota, na marobota hayalingani. La shilingi 250 lenye kilo 15 ni chini ya shilingi 17 kwa kilo. La shilingi 220 lenye kilo 11 ni shilingi 20 kwa kilo. Linaloonekana rahisi ndilo ghali. Nenda na mizani ya kuning'iniza, pima matatu au manne, kisha ndipo mpatane. Fungua moja pia utazame ndani: rangi ya kijani na majani mengi ni dalili njema, mashina matupu ya manjano ni ya kujaza tumbo tu.

Ukifika nyumbani, usitupe nyasi chini. Mbuzi hatakula alichokikanyaga na kukikojolea. Kihori cha mbao au wavu wa kamba uliotundikwa huokoa nyasi nyingi. Mbuzi pia hupenda majani ya miti na maganda ya mgunga. Maganda hayo yakikusanywa na kuhifadhiwa pakavu hupunguza marobota ya kununua. Maganda ya mathenge nayo hufaa yakisagwa. Yakiliwa mazima kwa muda mrefu huharibu meno.

Bei inayofaa kutangazwa

Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa kila mwezi taarifa za kaunti kame. Ndani yake kuna kipimo muhimu: mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za mahindi. Kipimo kikishuka, ni ishara kwamba hali inaharibika. Kama nyasi nazo zingetangazwa hivyo kila mwezi, mfugaji angeona mapema siku ya kuuza wawili kabla haijawa siku ya kuuza watano.

Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010 inafuata wazo hilohilo. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukipungua kupita kiwango, mwenye bima hulipwa hata kama mnyama wake hajafa. Pesa ikifika mapema inanunua nyasi. Ikichelewa, inanunua nyasi za mifugo waliokwisha kufa. Kipimo hicho kinafaa pia kwa nyasi za msaada: swali si marobota mangapi yametolewa tu, bali yalitolewa mwezi gani.

Na wakati nyasi ni rahisi kuliko wakati wote ni baada ya mvua, siku ambazo hakuna anayeziwaza. Wenye kipande cha ardhi wanaweza kuzikata zinapoanza kutoa maua, kuzikausha, kuzishindilia kwenye sanduku la mbao na kuzifunga kwa kamba, kisha kuziweka juu ya magogo chini ya paa. Wasio na ardhi wanaweza kununua kwa pamoja, kikundi kimoja lori moja, kabla foleni haijaanza.

Kwa hiyo wiki hii ukifika sokoni, uliza bei mbili, si moja. Gawanya bei ya mbuzi kwa bei ya robota, uandike jibu. Mwezi ujao fanya tena. Namba hiyo ikianza kushuka, usingoje mbavu zionekane.