Okavango Ina Wenyewe

Neno safari ni la Kiswahili. Kwetu halibagui: anayekwenda msibani yuko safarini, anayepeleka vitunguu sokoni yuko safarini, mwanafunzi anayerudi chuoni kwa basi la usiku naye yuko safarini. Wageni walilichukua neno hili, wakalivisha kaki na kofia pana, wakalirudisha Afrika likiwa na maana moja tu: mtu mwenye fedha anakwenda kutazama wanyama. Katika mageuzi hayo wenyeji walitolewa ndani ya neno. Hoja yangu leo ni kwamba walitolewa pia ndani ya mapato na maamuzi, na mfano wangu ni delta ya mto Okavango, kaskazini magharibi mwa Botswana.

Muhula huu, mimi na wanafunzi wangu tumesoma miongozo kadhaa ya kupanga safari ya kifahari katika delta hiyo. Inafanana kama mapacha. Njoo kati ya Juni na Agosti, yasema, kwa kuwa mvua iliyonyesha katika nyanda za juu za Angola mwanzoni mwa mwaka huchukua miezi kushuka, na maji hujaa deltani wakati nchi yote imekauka. Shuka Maun, panda ndege ndogo, beba begi laini lisilozidi kilo 20. Kambi ina mahema machache. Malazi yanaweza kuzidi dola 1,000 kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja, na kambi zenye majina makubwa hupita hapo kwa mbali. Miongozo inaeleza hata nguo zako zitafuliwa lini. Isichoeleza ni nani anaishi hapo. Mwenyeji akitokea, yuko nyuma ya mtumbwi wa mokoro, ameshika upondo, anatabasamu.

Tuanze basi na wenyewe. Okavango ni makazi ya Wayeyi, Wambukushu, Watawana na Basarwa, ambao baadhi yao hujiita Wabugakhwe. Mokoro haukubuniwa kwa ajili ya mpiga picha. Ulikuwa chombo cha uvuvi, cha kuvusha mazao, cha kwendea kwa wakwe. Vijiji vya Etsha, kuanzia Etsha 1 hadi Etsha 13, vilianzishwa na Wambukushu waliokimbia vita vya Angola mwishoni mwa miaka ya 1960. Pembezoni mwa delta watu hulima kilimo cha molapo, yaani hupanda katika udongo wenye unyevu mara maji yanapojitenga na bonde. Mrufiji yeyote angekielewa kilimo hicho bila mkalimani.

Hata hifadhi inayouzwa zaidi, Moremi, haikuletwa na mzungu mwenye huruma. Mwaka 1963, kabla Botswana haijapata uhuru, Watawana chini ya Pulane Moremi, aliyekuwa akishika madaraka ya uchifu, waliamua wenyewe kuitenga ardhi yao ili wanyama wasimalizwe na wawindaji. Sisemi kwamba uamuzi huo ulikuwa safi kabisa. Basarwa wa Khwai waliondolewa ndani ya mipaka mipya, na malalamiko yao yamedumu kizazi baada ya kizazi. Dhuluma haigeuki kuwa haki kwa sababu aliyeitenda ni jirani. Hata hivyo, ukweli unabaki: wenyeji walijua kuhifadhi kabla ya kufundishwa.

Sasa tuitazame sera. Mwaka 1990 Botswana ilipitisha sera ya utalii iliyojengwa juu ya wageni wachache wanaolipa fedha nyingi. Watetezi wake wana hoja nzito, nami sitaipunguza. Wanasema magari mia yakimzunguka simba mmoja, simba hahifadhiwi na mgeni haridhiki. Wanasema delta ni nyeti, na kwamba uchache huo umeitunza hata UNESCO ikaiandika mwaka 2014 kuwa eneo la 1,000 katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Yote hayo nayakubali. Uchache wa wageni si kosa. Ninachokipinga ni kwamba uchache wa wageni umezaa uchache wa wanufaika, kana kwamba jambo la kwanza haliwezekani bila la pili.

Profesa Joseph Mbaiwa, msomi wa Botswana anayefanya kazi katika Taasisi ya Utafiti ya Okavango huko Maun, aliandika mwaka 2005 kuhusu alichokiita utalii wa kujitenga. Alionyesha kwamba biashara hiyo ilitawaliwa na kampuni za kigeni, kwamba sehemu kubwa ya mapato ilitoka nje ya nchi, na kwamba raia waliishia kwenye kazi za mishahara midogo huku usimamizi ukishikwa na wageni. Utaratibu wenyewe ni rahisi kuuelewa. Mgeni hulipia kila kitu kwa pamoja, kwa wakala aliye Ulaya au Marekani, kabla hajafunga begi. Akifika Maun hana haja ya kununua hata chupa ya maji. Huruka juu ya kijiji, hatui.

Itajibiwa kwamba zipo asasi za kijamii zinazokodisha vitalu na kugawana mapato. Zipo, na baadhi zimefanya kazi ya kusifiwa. Lakini sera ya mwaka 2007 ilielekeza kwamba jamii ibaki na asilimia 35 ya mapato ya kukodisha maliasili hizo, na asilimia 65 iende kwenye mfuko wa taifa wa mazingira. Mtumishi wa umma anayesoma hapa ajiulize: ni nani angeandika mgao huo na kuuita ushirikishwaji? Kisha Januari 2014 serikali ikapiga marufuku uwindaji, ikaja kuuruhusu tena mwaka 2019. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu uwindaji. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba vijiji vilivyotegemea mapato, ajira na nyama ya uwindaji ndivyo vilivyolipa gharama ya uamuzi wa kwanza.

Gharama hiyo si ya fedha pekee. Botswana ina tembo wapatao 130,000, idadi isiyofikiwa na nchi nyingine duniani. Tembo anayepamba picha ya mgeni asubuhi ndiye anayemaliza mtama wa mjane wa Seronga usiku. Mwaka 1996, baada ya ugonjwa wa mapafu ya ng'ombe kuingia Ngamiland, serikali ilichinja takriban ng'ombe 320,000 ili kuuzuia. Familia nyingi zilipoteza akiba ya maisha yao. Na kwa miaka mingi wakazi wa ng'ambo ya mto walisubiri kivuko cha Mohembo ili kufika hospitali au ofisi za serikali, hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2022. Kwa muda wote huo viwanja vya ndege vya kambi havikukosa ndege. Mwenye macho haambiwi tazama.

Wapo watakaonitisha: bila utalii wa kifahari, delta itaangukia mikononi mwa wachimbaji wa mafuta. Tishio ni la kweli. Mto huu unaanzia Angola, unapita Namibia, unaingia Botswana na kumalizikia mchangani bila kuiona bahari. Kampuni ya Kanada imekwisha kuchimba visima vya utafutaji wa mafuta upande wa Namibia, katika Kavango. Nchi hizo tatu ziliunda tume ya pamoja ya mto, OKACOM, mwaka 1994. Lakini tujiulize nani atasimama siku mabomba yatakapokuja. Mwekezaji mwenye mkataba wa miaka 15 atahamishia mahema yake kwingine. Atakayebaki ni mvuvi na mkulima wa molapo, naye hawezi kukilinda kwa moyo kitu alichofundishwa kwamba si chake.

Nayaandika haya nikiwa Tanzania kwa sababu nasi tunaimba wimbo huo huo. Tuna delta yetu, Rufiji, yenye mikoko na mashamba ya mpunga. Tuna hifadhi za jamii ziitwazo WMA, na tunazo ahadi nyingi za utalii wa watu wenye uwezo. Kabla hatujashangilia kambi inayofuata, tudai mambo matatu. Mkataba wa kila kitalu uwekwe wazi, kwa Kiswahili, katika ofisi ya kijiji. Mgao wa jamii ulipwe kijijini moja kwa moja, usizunguke wizarani kwanza. Na kijiji kiwe na hisa na kiti cha uamuzi. Ajira ya kufua mashuka haitoshi kuitwa ubia.

Kwa anayepanga kwenda Okavango, simwombi abaki nyumbani. Namwomba amuulize wakala wake maswali ambayo miongozo haina: ardhi ya kambi hii ni ya nani, kodi yake inalipwa kwa nani, meneja wake anatoka wapi, na kijiji cha jirani kinapata nini. Wakala asiyejua majibu hajui anachokiuza. Wanafunzi wangu nao waanze kuyauliza hapa kwetu, kwenye mikutano ya vijiji vyao, likizo hii.