Mitumba nayo ni suala la mazingira

Makala yenu kuhusu mazingira ni nzuri, ila mwandishi ameiacha mitumba. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuipunguza hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na Julai 2018 Rwanda ikanyimwa nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya biashara na Afrika. Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa zimeshalegeza msimamo.

Wengi huona hiyo ni habari ya kulinda viwanda vya nguo tu. Lakini nenda soko la Gikomba, Nairobi, alfajiri marobota yakifunguliwa. Nguo safi hugombaniwa. Zilizochanika na zenye madoa hutupwa kando, na nyingine huishia Mto Nairobi, unaopita papo hapo. Poliesta ni plastiki, haiozi. Wachuuzi siwalaumu hata kidogo: robota hununuliwa likiwa limefungwa, hasara ni yao.

Wajumbe wetu wanaojadili mikataba ya biashara, tafadhali daini kifungu kinachoiruhusu nchi kukataa taka za wengine bila kuadhibiwa.