Kabla ya Kulipia Laini Maalum ya Intaneti, Piga Hesabu ya Saa Moja

Swali hili hutufikia mara nyingi kutoka kwa wenye biashara: "Mtandao unatusumbua dukani. Muuzaji amekuja, anasema tuchukue laini maalum. Tuchukue ama tuachane nayo?"

Msimamo wetu ni huu: biashara nyingi ndogo haziihitaji. Lakini zile zinazoihitaji, kuikosa kunazila pesa kuliko bili yenyewe.

Tuanze na kinachouzwa. Intaneti ya kawaida, iwe ya faiba au ya laini ya simu, mnagawana na majirani. Ndiyo maana jioni watu wakirudi nyumbani na kuwasha filamu, yako inaanza kukokota. Laini maalum, ambayo wengine huiita laini ya kukodi, hugawani na mtu kutoka kwako hadi kwa kampuni inayokuuzia. Ukilipia megabiti 20 kwa sekunde, unapata 20 mchana na usiku, na kasi ya kutuma ni sawa na ya kupokea. Lakini bei yake huwa juu sana kuliko ya faiba ya kawaida.

Kwa hivyo ukiinunua kwa sababu ya kasi tu, umepunjwa. Unacholipia hasa ni ahadi iliyoandikwa kwenye mkataba: mtandao utakuwa hewani kwa kiasi gani, na ukikatika utarekebishwa ndani ya saa ngapi. Isome hiyo ahadi vizuri. Asilimia 99 inasikika tamu, lakini katika mwezi wa siku 30 inaruhusu saa 7 na dakika 12 za kukaa gizani. Asilimia 99.9 inaruhusu kama dakika 43 pekee. Tofauti ni ndogo kwa maandishi, lakini kwa kaunta ni kubwa.

Sasa piga hesabu. Tuseme duka lako linauza Sh120,000 kwa siku ya saa 12. Hiyo ni Sh10,000 kwa saa. Kama faida yako ni asilimia 15, saa moja bila mauzo ni hasara ya Sh1,500. Mtandao ukipotea saa 6 kwa mwezi na usiuze chochote kabisa, umepoteza Sh9,000. Kama laini maalum inakuongezea bili ya Sh30,000, hapo hakuna biashara.

Na mara nyingi hata hutapoteza zote. Kumbuka malipo ya simu kwa till hayategemei Wi-Fi ya duka. Mteja anaweza kulipa kwa menyu ya simu yake, na wewe unapata ujumbe kupitia laini yako ya simu. Kitu kimoja tu usikubali: mteja kukuonyesha ujumbe kwenye simu yake eti "imeshaingia." Mtandao ukisumbua ndipo matapeli hupenda kuja. Subiri ujumbe wako mwenyewe, ama uangalie salio.

Hesabu hubadilika pale ambapo kazi yote inapita kwenye intaneti. Supamaketi yenye kaunta nyingi, ambapo mfumo wa mauzo unathibitisha malipo na kutuma ankara za eTIMS. Sacco yenye matawi yanayosoma akaunti kutoka seva moja. Ofisi ya watu 40 wanaopokea simu za wateja kupitia intaneti. Huko, saa moja ikipotea, mishahara inaendelea kuhesabiwa, foleni inarefuka, na mteja aliyeondoka huenda asirudi. Hawa tunawaambia bila kusita: chukueni.

Ukiamua kuchukua, muulize muuzaji maswali haya na utake majibu kwa maandishi. Je, laini hii haigawanywi na mtu mwingine kabisa? Ikikatika usiku wa Jumamosi, nani anakuja, na baada ya saa ngapi? Ahadi ikivunjwa, narudishiwa pesa ngapi? Gharama ya kuweka ni kiasi gani, na mkataba unanifunga miaka mingapi? Hakikisha pia kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Swali la mwisho wengi husahau: mnatokea wapi kwenda nje ya nchi? Mnamo Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota hapa kwetu na kwa majirani. Laini yako inaweza kuwa nzima hadi mlangoni pa kampuni na bado usifungue kitu, kama kampuni yenyewe haina njia nyingine.

Na kama hesabu yako imekataa, usikae hivyo hivyo. Weka faiba ya kawaida, na pembeni rauta ndogo ya laini ya simu ya kampuni tofauti. Ongeza betri ya kushikilia rauta stima ikipotea, maana mara nyingi tunalaumu mtandao kumbe ni stima. Njia mbili za bei nafuu zinazopita mahali tofauti zitaokoa duka la kawaida kuliko njia moja ya bei ghali.

Mwezi huu, weka daftari kando ya kaunta. Kila mtandao ukipotea, andika saa uliyopotea na saa uliyorudi. Muuzaji akija tena, mfungulie hilo daftari kwanza.